Folda ya wote, faili la nani?

Mtu akikwambia folda ya ofisi imevurugika, usikimbilie kuzima na kuwasha ruta. Muulize kwanza hilo faili analolitafuta ni la nani. Hatutaki kujua nani aliliandika wala nani analifungua kila asubuhi. Tunataka kujua ni akaunti gani inayotajwa kuwa mmiliki wake. Mara nyingi atajibu kwamba ni la ofisi, na tatizo huanzia hapohapo. Kwenye Google Drive ya kawaida, hii ya kila mwenye Gmail, hakuna faili la ofisi. Kuna faili la mhasibu, faili la katibu, na faili la kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyemaliza miezi yake mitatu akarudi chuoni.

Folda ya pamoja ya aina hii si kabati. Ni kama soko: meza zimepangwa safu moja chini ya paa moja, lakini kila meza ina mwenyewe, na mwenyewe akifunga biashara anaondoka na meza yake. Anayemiliki folda hamiliki yaliyomo. Kila faili jipya linalopandishwa au kutengenezwa humo huwa mali ya akaunti iliyoliweka. Ukilielewa hili, karibu nusu ya vituko vya folda za pamoja vinapata maelezo. Nitazungumzia zaidi Google Drive kwa kuwa ndiyo inayotumika sana kwenye asasi ndogo, shule, vikundi na ofisi za watu watano sita. OneDrive na Dropbox nitazigusa pale zinapofanya mambo tofauti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni sensa. Fungua folda kuu kwenye kompyuta, si kwenye simu, panga mwonekano uwe wa orodha, kisha uangalie safu ya mmiliki. Ukitaka kuona mali ya mtu mmoja, andika kwenye kisanduku cha kutafutia neno owner: likifuatwa na anwani yake ya barua pepe bila kuacha nafasi. Andika pembeni akaunti zote zinazojitokeza. Usishangae ukikuta anwani tisa kwenye ofisi ya watu wanne, na mbili kati yake hakuna anayezikumbuka.

Picha za harusi na daftari la fedha

Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na Gmail, Drive na Google Photos zote zinakula sahani hiyohiyo. Tangu 2024 hata nakala za akiba za WhatsApp kwenye simu za Android zinahesabiwa humo. Zamani zilikuwa bure. Ndiyo maana watu waliokaa miaka bila shida wamejikuta nafasi imejaa ghafla.

Nafasi ikijaa, mwenye akaunti hawezi kupandisha faili jipya, na barua pepe zinaanza kumgomea. Hayo wengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba mafaili yake ya Google Docs, Sheets na Slides hayahaririki tena na mtu yeyote, hata mwenzake mwenye nafasi tele. Daftari la fedha linalomilikiwa na mhasibu linaweza kugoma kwa ofisi nzima kwa sababu simu yake imehifadhi video za harusi ya binamu. Watu wanadhani wamenyang'anywa ruhusa, wanaombana ruhusa upya, na haisaidii kitu.

Tiba yake: mwenye akaunti aingie one.google.com/storage aone ni nini kinachokula nafasi, kisha afungue drive.google.com/drive/quota, ambako mafaili yake yanajipanga kuanzia kubwa kabisa. Afute yasiyo na kazi na kumwaga tupio, maana kilicho tupioni bado kinahesabiwa. Kwenye WhatsApp aende kwenye mipangilio ya gumzo, sehemu ya nakala ya akiba, azime video zisiingie. Hatua hiyo peke yake mara nyingi inarudisha gigabaiti kadhaa, lakini mpaka nakala mpya itengenezwe, kwa hiyo abonyeze kuihifadhi palepale. Asiiache hali hiyo ikaota mizizi: akaunti iliyozidi kiwango kwa miaka 2 mfululizo inaweza kufutiwa vilivyomo.

Dropbox ina hesabu yake, na kwa maoni yangu ni kali zaidi kwa wenye akaunti za bure. Folda iliyoshirikiwa inahesabiwa kwa kila mwanachama, si kwa aliyeianzisha tu. Akaunti ya bure ina gigabaiti 2. Ukimwalika mtu kwenye folda ya gigabaiti 3, haingii, na hakuna ruhusa utakayompa ikamwingiza.

Mtu anapoaga

Hapa ndipo ofisi nyingi zinapopoteza mali. Mfanyakazi anasaini fomu ya makabidhiano: funguo, laptopu, muhuri, kitambulisho. Drive haimo. Miezi sita baadaye anasafisha Gmail yake, anaona folda ya kazi aliyoiacha, anaifuta. Hana nia mbaya. Ni akaunti yake na anataka nafasi. Na hata asipofuta, Google ilishaanza mwishoni mwa 2023 kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2.

Kuhamisha umiliki kunawezekana kati ya Gmail binafsi na Gmail binafsi. Mmiliki anachagua faili akiwa kwenye kompyuta, anafungua dirisha la kushiriki, anabonyeza mshale pembeni ya jina la mrithi, anachagua kuhamisha umiliki. Mrithi anapata barua pepe na lazima akubali; asipokubali, hakuna kilichohama. Akiipoteza barua hiyo, aandike pendingowner:me kwenye kisanduku cha kutafutia, na yote yanayomsubiri yatatokea. Tahadhari mbili. Kuhamisha umiliki wa folda hakuhamishi umiliki wa mafaili yaliyomo, kwa hiyo mmiliki aandike owner:me, ayachague mafaili ya kazi yenyewe na kuyahamisha. Pili, huwezi kuhamisha kutoka Gmail binafsi kwenda akaunti ya kazi yenye kikoa cha shirika, yaani anwani inayoishia na jina la shirika badala ya gmail.com, wala kinyume chake. Hapo inabidi kutengeneza nakala, na nakala ni faili jipya: halina historia ya mabadiliko, kiungo chake ni kingine, na kila barua iliyotumwa zamani itaendelea kuwapeleka watu kwenye faili la kale.

Kwa shirika lenye akaunti zake za Google Workspace, huduma ya Google ya maofisi, mambo ni mepesi, mradi anayesimamia akaunti asiwe na haraka. Kabla ya kufuta akaunti ya aliyeondoka, mafaili yake yahamishiwe kwa mwingine. Paneli ya usimamizi inauliza swali hilo wakati wa kufuta. Akijisahau, ana siku 20 za kuirudisha akaunti. Upande wa Microsoft 365, akaunti iliyofutwa inarudishika ndani ya siku 30, na OneDrive ya mtu huyo kwa kawaida nayo inatunzwa siku 30, isipokuwa msimamizi ameongeza muda mwenyewe.

Kabati la kweli

Dawa ya kudumu ni hifadhi ya pamoja (shared drive) ya Workspace, ambayo si folda ya pamoja. Majina yanafanana hadi yanaudhi, lakini tofauti yake ni kubwa. Kwenye hifadhi ya pamoja mafaili ni mali ya shirika. Mtu akiondoka, faili linabaki. Haipatikani kwenye Gmail ya bure. Asasi zisizo za kibiashara zilizosajiliwa kwenye mpango wa Google wa mashirika ya aina hiyo hupewa Workspace bila malipo na hifadhi hizi zikiwemo, na ni ajabu jinsi asasi nyingi zinavyoendelea kuhangaika na Gmail za watu wakati zina cheti cha usajili kabatini.

Wakati wa kuhamia, kila mmiliki aongezwe kwenye hifadhi hiyo na ahamishe mafaili yake kwa mkono wake. Ukiyahamisha, viungo vya zamani vinaendelea kufanya kazi, ukiyanakili, havifanyi. Nisisitize hapo kwa sababu watu hupenda kupakua kila kitu kwenye flashi kisha kukipandisha upya, wakidhani wanafanya usafi. Wanachokipoteza ni maoni, historia na viungo vyote, na Google Sheets zinazovutana takwimu zinakatika.

Vyeo vya humo ni vitano: mtazamaji, mtoa maoni, mchangiaji, msimamizi wa maudhui na msimamizi. Mchangiaji anaongeza na kuhariri lakini hafuti wala hahamishi. Ningewapa wengi cheo hicho, isipokuwa kwa mtego mmoja: wanaotumia programu ya Drive iliyosakinishwa kwenye kompyuta, yaani wanaofungua Excel moja kwa moja kutoka kwenye diski ya Drive, wanahitaji cheo cha msimamizi wa maudhui ili waweze kuhifadhi mabadiliko. Mchangiaji kwenye programu hiyo anaona mafaili ya kusoma tu. Ukisikia mtu analalamika kwamba kwenye kivinjari anahariri vizuri ila kwenye kompyuta anagomewa, usitafute kirusi. Mpandishe cheo, au mwambie afanyie kazi kwenye kivinjari.

Kwa kikundi kisicho na uwezo wa Workspace, njia iliyobaki ni akaunti moja ya Gmail ya ofisi inayomiliki kila kitu. Nenosiri lake lijulikane na watu wawili tu, uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa, na namba ya simu ya kurejesha iwe ya mtu ambaye hataondoka kesho. Wengine wote waingie kwa akaunti zao kama wahariri. Nenosiri moja la watu wanane ni balaa, kwa sababu historia ya mabadiliko itakuonyesha jina moja kwa kila kosa. Na kumbuka kanuni ya soko: mafaili mapya yatengenezwe na akaunti ya ofisi, wengine wayajaze. Wakiyatengeneza wao, umerudi kulekule.

"Unahitaji idhini"

Ukurasa huu husababishwa zaidi na akaunti iliyo wazi kuliko na ruhusa. Mtu ana Gmail mbili kwenye kivinjari kimoja, folda imeshirikiwa na ya pili, yeye anafungua kwa ya kwanza. Kabla ya kubonyeza kuomba idhini, aangalie picha ndogo ya duara juu kulia. Tena aangalie kiungo chenyewe. Kikiwa na /u/0/ au /u/1/ katikati, tarakimu hiyo inataja nafasi ya akaunti kwenye kivinjari cha aliyekinakili. Kwake /u/1/ ni ya ofisi. Kwako inaweza kuwa ya nyumbani. Futa kipande hicho, au mwombe mwenzako akutumie kiungo kinachotoka kwenye kitufe cha kunakili kiungo badala ya kile cha juu kwenye kivinjari. Tiba isiyorudi ni kutengeneza wasifu mbili kwenye Chrome, moja ya kazi na moja ya nyumbani, zisikutane.

Ruhusa zenyewe hutiririka kutoka juu kwenda chini. Uliyempa folda mama amepata na watoto wake. Folda ya mishahara ndani ya folda kuu ya ofisi ni kosa la mpangilio, na hakuna mbinu za kufunga zitakazolinusuru kwa uhakika kama kuitoa nje kabisa na kuiweka kwenye folda au hifadhi yake yenye watu wawili watatu. Shiriki kwa kikundi cha Google badala ya majina ya watu mmojammoja: kikundi cha fedha, kikundi cha miradi. Mgeni akija anaongezwa kwenye kikundi, akiondoka anatolewa, na huna haja ya kupekua folda arobaini. Kisha kwenye dirisha la kushiriki bonyeza alama ya gia na uondoe tiki inayowaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kuwaalika wengine. Wahariri wana huruma. Ukiacha mlango huo wazi, ndani ya mwaka folda yako ina wageni usiowajua.

Bando, umeme na usawazishaji

Sehemu hii ndiyo inayoumiza zaidi huku kwetu, kwa sababu programu za kusawazisha, yaani kulinganisha mafaili ya kompyuta na yale ya mtandaoni, zimetengenezwa kwa kudhani intaneti haikatiki. Programu ya Drive ya kompyuta ina namna mbili. Ya kwanza inaonyesha mafaili kama yapo lakini inayavuta pale tu unapoyafungua. Ya pili inaweka nakala kamili kwenye diski. Hifadhi za pamoja hutumia ya kwanza tu, ingawa unaweza kubofya kulia folda fulani na kuifanya ipatikane bila mtandao. Fanya hivyo kabla ya safari ya wilayani. Ukifika huko hutakuwa na namna.

Hesabu kidogo kabla ya kuunganisha kompyuta mpya. Folda ya gigabaiti 20 kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde inahitaji sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22 bila kukatika. Ukiianzisha saa tatu asubuhi ofisi nzima italalamika kwamba intaneti imekufa. Iwekee kikomo cha kasi kwenye mipangilio ya programu, au ianze Ijumaa jioni. Kwa anayetumia simu kama chanzo cha intaneti, aingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows na aitambulishe kama laini inayopimwa (metered). OneDrive ikiona hivyo inasimama yenyewe, na bando linabaki kwa kazi iliyokusudiwa.

Kuona faili kwenye kompyuta yako si ushahidi kwamba limefika juu. Angalia alama ya programu pembeni ya saa: kama inazunguka, bado. Mtu anayefunga laptopu dakika moja baada ya kuhifadhi ripoti ameacha ripoti kwenye laptopu, na wenzake wataendelea kuhariri ya jana. Akirudi mtandaoni, matoleo mawili yanagongana. Dropbox hutunza yote mawili, moja likiandikwa kwenye jina kwamba ni nakala yenye mgongano pamoja na tarehe. OneDrive huongeza jina la kompyuta mwishoni mwa jina la faili. Ukiona mafaili hayo usiyafute kwa kuwa yanachafua macho. Fungua yote mawili, linganisha, hamisha kilichokosekana kwenye lile kuu, ndipo ufute.

Kuzuia mgongano ni rahisi kuliko kuutatua. Excel ikae katika muundo wa .xlsx, siyo .xls ya zamani, na ifunguliwe ikiwa OneDrive au SharePoint (hifadhi ya pamoja ya Microsoft) na swichi ya kuhifadhi kiotomatiki imewashwa. Hapo watu watano wanaandika pamoja bila kugombana. Kwa Google Drive, lifungue faili la .xlsx ndani ya kivinjari. Usilibadilishe kuwa Google Sheets bila kuwaambia wenzako, kwa sababu mabadiliko hayo yanazaa faili la pili lenye jina lilelile, na wiki hiyohiyo mna vitabu viwili vya fedha vinavyopishana.

Mafaili ya hifadhidata yasikae humu kabisa. Faili la kampuni la QuickBooks lenye mwisho wa .QBW, data za Tally, faili la Access, sanduku la Outlook la .pst: hayo huandikwa vipandevipande muda wote programu ikiwa wazi, na usawazishaji unaweza kunyakua nusu ya maandishi na kuyapeleka juu kama faili zima. Tokeo ni hesabu zisizofunguka. Weka humo nakala ya akiba tu, iliyotolewa na programu yenyewe baada ya kufungwa.

Na kompyuta ikisumbua, usikimbilie kutenganisha akaunti na programu. Novemba 2023 watumiaji wa toleo la 84 la programu ya Drive waliona mafaili yao ya karibuni yametoweka, na ushauri wa kwanza wa Google ulikuwa huohuo: msitenganishe akaunti, wala msifute folda ya DriveFS iliyomo ndani ya %LOCALAPPDATA%\Google. Humo ndimo yanamokaa ambayo hayajapanda. Waliosubiri walipewa njia ya kuyarejesha Desemba. Kabla ya kugusa chochote, nakili folda hiyo nzima kwenye diski ya nje.

Kumb. Na.

Majina ya mafaili yanaonekana jambo dogo hadi siku OneDrive inapogoma kusawazisha na haisemi vizuri kwa nini. Herufi zinazokataliwa ni hizi: " * : < > ? / \ |. Sasa fikiria barua za kiserikali na namba zake za kumbukumbu zenye mikwaju (/) mitatu minne, au tarehe iliyoandikwa 12/03/2024. Google Drive kwenye kivinjari inaipokea mikwaju bila kusema neno, halafu Windows inaibadilisha kuwa mstari wa chini, na OneDrive inakataa kabisa. Tumia kistari, na tarehe ianze na mwaka: 2024-03-12. Faida ya pili ni kwamba mafaili yanajipanga yenyewe kwa mpangilio wa wakati.

Urefu wa njia, yaani anwani nzima ya faili kuanzia diski hadi jina lake, ni adui mwingine. OneDrive na SharePoint huruhusu herufi 400 kwa njia nzima, programu nyingi za Windows zinakwama kwenye 260, na Excel ya kompyuta inakataa ikipita 218. Chukua C:\Users\Mhasibu\, ambayo ni herufi 17. Weka folda tano moja ndani ya nyingine, kila moja jina la herufi 40 na mkwaju wake: hizo ni 205 zaidi. Umefika 222 na faili halijapewa jina bado. Na wafadhili wanavyopenda majina marefu ya miradi, herufi 40 si nyingi. Tumia kifupi cha mradi na mwaka, usizidi ngazi nne.

Kuhusu mafaili ya Bajeti_mwisho, Bajeti_mwisho_2 na Bajeti_mwisho_KABISA: bofya kulia lile la kwanza, tafuta sehemu ya kudhibiti matoleo, pandisha toleo jipya humo. Jina na kiungo vinabaki. Drive hutunza matoleo ya zamani ya PDF, Word na Excel kwa siku 30 au matoleo 100, kwa hiyo lile lililopitishwa na bodi liwekee alama ya kutunzwa daima.

Limefutwa, au limehama?

Kabla ya kutangaza msiba, bofya folda, bonyeza alama ya i, fungua sehemu ya shughuli. Utaona nani alihamisha nini na lini. Mengi "yaliyofutwa" yamedondoshewa ndani ya folda jirani na kidole kwenye simu.

Kwenye folda ya kawaida ya Drive, mhariri akiondoa faili ambalo si lake, faili halifi. Linatoka kwenye folda na kubaki hai kwa mmiliki wake bila makao. Mmiliki aandike is:unorganized owner:me, atalipata likitangatanga pamoja na mengine aliyokwisha kuyasahau. Akilifuta mmiliki mwenyewe, liko tupioni mwake kwa siku 30, na ni yeye tu anayeweza kulitoa. Kwenye hifadhi ya pamoja tupio ni la hifadhi hiyo, nalo ni siku 30. Likishamwagwa, msimamizi wa Workspace ana siku 25 nyingine za kulirejesha kupitia paneli yake. SharePoint inakupa siku 93 kwa jumla, katika mapipa mawili: ukikosa kwenye la kwanza, mwambie msimamizi wa tovuti aangalie la pili.

Kosa baya zaidi la kufuta hufanywa na mtu mwema anayetafuta nafasi kwenye laptopu. Anaiona folda ya timu ina gigabaiti 30, anaifuta. Usawazishaji unatii, na inafutika kwa wote. Njia sahihi kwenye OneDrive ni kubofya kulia na kuchagua kuachia nafasi: faili linabaki juu, kwenye diski panabaki alama ya wingu la buluu tu. Kwenye Dropbox, aiondoe kwenye orodha ya folda zinazosawazishwa kwenye kompyuta yake. Akishakosea tayari, azime intaneti ya kompyuta ile, asiendelee kubofya, na msimamizi arejeshe kutoka kwenye tupio la wavuti.

Lililobaki ni viungo vya wazi. Kiungo cha "yeyote aliye na kiungo" kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp hakirudi. Nakala za vitambulisho, matokeo ya wanafunzi, orodha za wagonjwa na mishahara zisikae nyuma ya kiungo cha namna hiyo hata kwa siku moja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na hakuna mamlaka itakayoridhika na maelezo kwamba kiungo kilikuwa kirefu na kigumu kubahatisha. Mkaguzi wa nje apewe ruhusa kwa anwani yake, na kama mna Workspace ya kulipia, iwekewe tarehe ya kuisha. Kisha fungua kila folda ya ngazi ya kwanza, angalia dirisha la kushiriki, na palipo na kiungo cha wazi rudisha kwenye watu walioalikwa tu. Fanya hivyo asubuhi ya siku ya kazi, siyo jioni, maana kuna mtu atapiga simu.